Kanga moja, masomo matano: namna sanaa inavyounganisha masomo darasani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna kanga. Mtoto amebebwa nayo, amefunikwa nayo usiku, ameiona ikitandikwa msibani na kutunzwa arusini. Kitambaa hicho hicho kinaweza kufundishia Hisabati, Historia, Jiografia, Sayansi na Kiswahili, na hakihitaji umeme wala fedha za shule. Makala hii ni kwa walimu wa shule za msingi na kwa wazazi wanaotaka kuelewa kwa nini mwalimu amemwagiza mtoto aje na kanga ya nyumbani. Tunaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Tunaeleza pia pale inaposhindwa, maana ikifanywa ovyo inapoteza muda wa watoto bure.

Tuanze na tatizo. Shuleni masomo yamegawanywa kwa vipindi. Jumatatu mtoto anafundishwa eneo la mstatili. Jumanne anafundishwa zao la pamba. Jumatano ni biashara ya Bahari ya Hindi, na Alhamisi ni methali na maana zake. Kengele ikilia, daftari moja linafungwa na jingine linafunguliwa, na ni nadra mtu kumwambia kwamba vitu hivyo vinne vinakutana kwenye kitambaa alichojifunga mama yake asubuhi ile. Matokeo yake tunayafahamu. Mtoto anajua kwa moyo kwamba eneo ni urefu mara upana, lakini ukimpa kitambaa na meza na kumuuliza kama kitatosha, anakuuliza wewe: "Nizidishe au nigawanye?" Kanuni anayo, ila hajui inatumika wapi.

Kwa upande mwingine, kuchora kumepewa sifa mbaya. Mtoto akikutwa anachora kwenye daftari anachapwa au anaambiwa anachezea karatasi. Sanaa na Michezo ni somo kamili katika mtaala wa shule za msingi Tanzania, lakini kipindi chake ndicho cha kwanza kuliwa pale darasa linapokuwa nyuma kwenye Hisabati. Tunawaelewa walimu wanaofanya hivyo. Mtihani unakuja, na mzazi anauliza alama, haulizi michoro. Hoja yetu ni kwamba si lazima kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili.

Kuitazama kabla ya kuipima

Kazi ya kwanza ni kutazama, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Tandika kanga moja ukutani au sakafuni, na kila mtoto aichore jinsi anavyoiona, kwa penseli, kwa dakika kumi na tano. Usiwaambie chochote kabla. Wengi watachora mstatili, ua moja kubwa katikati, na kumaliza. Hapo mwalimu aulize: ukingo una upana sawa pande zote? Maua ya pembeni yanatazama ndani au nje? Maandishi yako wapi hasa, katikati au chini? Watoto warudi kwenye kanga, watazame tena, warekebishe. Mchoro wa pili huwa na mengi kuliko wa kwanza, na tofauti kati ya michoro hiyo miwili ndiyo somo lenyewe: mtoto amejionea kwamba alikuwa akikitazama kitu kila siku bila kukiona.

Kisha wapewe majina ya sehemu zake. Ukingo unaozunguka ni pindo. Sehemu ya ndani ni mji. Maandishi ni jina la kanga, wengine husema ujumbe. Maneno haya si ya kitaalamu. Bibi yeyote wa pwani anayajua, na mtoto akirudi nyumbani kuyauliza atapata maelezo kuliko yaliyomo humu.

Hisabati iliyomo kwenye pindo

Kanga ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama sentimita 110, lakini watoto wasiambiwe. Wapime wenyewe kwa rula au futi ya fundi cherehani. Kanga zitatofautiana kidogo, nao watajiuliza kama wamekosea au ni kanga zenyewe. Wapime tena.

Tuseme wamepata 150 kwa 110. Mzingo ni sentimita 520, yaani mita 5.2. Eneo ni sentimita za mraba 16,500. Mpaka hapo ni zoezi la kitabuni. Sasa waulize swali ambalo jibu lake hawalioni kwa macho: pindo na mji, kipi kimechukua kitambaa kikubwa zaidi? Karibu darasa zima litasema mji, tena kwa mbali. Tuseme pindo lina upana wa sentimita 15 pande zote. Mji basi una urefu wa 120 na upana wa 80, sawa na sentimita za mraba 9,600. Pindo limechukua zinazobaki, 6,900. Hiyo ni asilimia 42 hivi ya kitambaa chote! Mtoto aliyekadiria kwa macho na kukosea, kisha akahesabu na kushangaa, hatasahau upesi jinsi ya kutafuta eneo la ukingo. Kwenye kanga nyingi pindo la ubavuni ni pana kuliko la juu na chini, kwa hiyo hesabu halisi itakuwa ngumu kidogo kuliko hii. Wakubwa waachiwe ugumu huo.

Baada ya eneo, waende kwenye ulinganifu. Kunja kanga katikati, upande wa kushoto ukutane na wa kulia. Kwenye kanga nyingi maua yatakutana na maua na nukta na nukta. Herufi hazitakutana: mwanzo wa neno utagusa mwisho wa neno jingine. Fungua, kisha ikunje juu ikutane na chini. Safari hii jina litalala juu ya sehemu isiyo na jina. Kwa hiyo kanga ina ulinganifu mpaka unapofika kwenye maandishi, na maandishi ndiyo yanayouvunja. Waulize: kuna neno la Kiswahili ambalo lingeweza kukunjwa katikati nusu zake zikalingana? Wape herufi kubwa A, M, O, T, U na I, ambazo kila moja ina nusu mbili zinazolingana. Wataunda "AMA". Ni mchezo, lakini mtoto anayetafuta neno la namna hiyo anachunguza umbo la herufi, tahajia na mstari wa ulinganifu kwa wakati mmoja.

Historia inayohitaji Hisabati

Hapa ndipo kanga inapofanya kazi ambayo kitabu kimoja hakiwezi.

Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, vitambaa vidogo vilivyochapwa vikiwa vimeungana kwenye jora moja. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno. Badala ya kuzikata moja moja, walichukua leso sita wakazishona pamoja zikawa vazi moja. Baadaye wafanyabiashara waliona biashara iliyomo humo, na vitambaa vikaanza kuchapwa vikiwa vizima, pindo na mji pamoja. Jina la kanga huelezwa kwamba limetokana na yule ndege mwenye manyoya ya madoadoa, kwa kuwa baadhi ya vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa kama yake. Mpaka leo Mombasa utasikia watu wakiita vazi hilo leso.

Mwalimu asiishie kusimulia. Wape watoto karatasi sita za mraba, hata za daftari lililokwisha, wazipange. Sita zinaweza kukaa kwenye mstari mmoja, au mistari miwili ya tatu tatu. Tuseme kila leso ilikuwa na upande wa sentimita 50. Mstari mmoja unatoa sentimita 300 kwa 50, yaani mshipi mrefu usiofunika mtu. Mistari miwili inatoa 150 kwa 100. Sasa warudi kwenye vipimo vyao vya kanga ya leo. Umbo la kanga lilivyo sasa linaelekea kabisa kwenye zile leso sita, tatu kwa mbili. Hakuna aliyewaambia hilo. Wamelifikia kwa kupanga karatasi na kuzidisha, na wasingelifikia kwa Historia peke yake wala kwa Hisabati peke yake.

Kuna jambo zito zaidi ndani ya kitambaa hiki, nalo watoto wa madarasa ya juu wanalistahili. Nyakati za utumwa, watu waliokuwa wakimilikiwa walivaa nguo duni zisizo na mapambo: merikani, kitambaa cheupe kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, kitambaa cheusi cha bluu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Wanawake wengi waliopata uhuru waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, na kwao lilikuwa tangazo: mimi sasa ni mtu huru na ninachagua nguo yangu. Mwalimu anaweza kuweka mezani kipande cha kaniki na kanga moja na kuuliza swali hili tu: kama sheria imekuambia leo kwamba wewe ni huru, jirani atajuaje? Watoto wachore jibu lao. Tunapenda swali hili kwa sababu halina jibu moja la kunakili ubaoni.

Maandishi madogo yaliyo pembeni nayo yasomwe. Kanga nyingi zinazopendwa zina maneno "Mali ya Abdulla" na herufi K.H.E. Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye anatajwa miongoni mwa walioanzisha kuweka semi kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Semi hizo ziliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi tunazotumia sasa. Mtoto anayesoma maandishi hayo madogo anafanya kazi ya mwanahistoria: anatafuta ushahidi kwenye kitu, hangoji kusimuliwa.

Na ushahidi mwingine umo sandukuni kwa bibi. Kanga hutolewa kwenye arusi, uzazi, msiba, kampeni za siasa na sherehe za taifa, na nyingine zimechapwa mwaka kabisa. Kila mtoto aulize nyumbani kuhusu kanga moja: ilitoka wapi, nani alitoa, lini, kwa sababu gani. Kanga au michoro yake ipangwe kwenye kamba kuanzia ya zamani hadi ya sasa. Hapo mnapata mstari wa wakati wa kijijini kwenu, ambao hakuna kitabu kinao. Tahadhari moja: kanga nyingine zina historia ya faragha. Bibi akisema hii hatuisemi, basi haisemwi.

Pamba, rangi na chumvi

Jiografia inaingia kwa swali la kawaida: kitambaa hiki kimetoka wapi? Watoto wachore safari nzima kama ramani ya picha. Ianzie shamba la pamba, tuseme Usukumani, ifike kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kisha kwenye kiwanda cha uzi na kitambaa, kwenye uchapaji, dukani, na nyumbani. Kila hatua ichorewe picha yake na mshale. Tanzania ilikuwa na kiwanda maarufu cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Lakini ukiangalia lebo za kanga zilizoko dukani leo utakuta nyingi zimetoka India, na mshale wa mtoto utavuka bahari. Darasa la saba wanaweza kuulizwa kwa nini nchi inayolima pamba inavaa kitambaa kilichochapwa ng'ambo. Wakulima wa pamba wanaotusikiliza wanalo jibu lao, nasi tungefurahi mmoja wao akaribishwe darasani.

Kwa Sayansi tunapendekeza jaribio moja dogo. Mama wengi huloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ili rangi isichuje. Je, ni kweli inasaidia? Omba kwa fundi cherehani vipande viwili vya kitambaa kimoja kipya chenye rangi kali, kwa kuwa hatukati kanga ya mtu. Kimoja kilowekwe kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko viwili vya chumvi, kiasi sawa cha maji na muda sawa. Kisha vifuliwe sawasawa kwa sabuni ileile, kila kimoja kwenye beseni lake. Watoto wachore na kupaka rangi wanayoiona kwenye kila beseni na kwenye kila kipande. Kuchora kunawalazimisha kuamua: maji haya ni mekundu zaidi ya yale, au ninadhani tu? Hatuandiki hapa matokeo yatakuwaje, maana yanategemea rangi iliyotumika, na mkijua mapema mtaona mnachotarajia.

Ujumbe wa maneno machache

Kiswahili ndicho tumekiweka mwisho, ingawa walimu wengi wangeanza nacho. Jina la kanga ni fupi. Ni methali, fumbo, dua, au kijembe kwa jirani. Chukua mfano wa methali ambayo kila mtu anaijua, haba na haba hujaza kibaba. Waulize watoto kibaba ni nini. Wengi hawajui kwamba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Wakijua hilo methali inapata uzito, na mwalimu wa Hisabati anapata robo na nzima bila kuchora mkate ambao watoto wa kijijini hawaugawi.

Kazi kubwa hapa ni watoto kubuni kanga yao. Wapewe mada kutoka somo jingine: malaria, kunawa mikono, mmomonyoko wa udongo. Pindo, mji na jina vyote vizungumzie mada hiyo, na jina lisizidi maneno sita. Kuandika insha ya ukurasa mzima juu ya malaria ni rahisi kuliko kuisema kwa maneno sita, kwa sababu ndani ya ukurasa mtoto anaweza kujificha. Akichora mbu kwenye mji na vyandarua kwenye pindo, muulize: kwa nini umeweka maji yaliyotuama hapa? Akieleza mbu anavyozaliana, Sayansi ipo. Akisema "inapendeza tu", hajaelewa bado, na umelijua hilo kabla ya mtihani. Kuhusu vijembe, mwalimu awe macho. Watoto wanaweza kuandika jina la kumchoma mwenzao, na si kila fumbo linafaa kutundikwa ukutani.

Vitu vingine vinavyofaa

Shule iliyo mbali na pwani, ambako kanga si sehemu kubwa ya maisha, itumie kitu chake. Mkeka wa ukindu ni mzuri sana kwa mpangilio unaojirudia: hesabu rangi zinabadilika baada ya njia ngapi, kisha tabiri rangi ya njia ya ishirini. Tena mkeka una faida ambayo kanga haina. Mtoto asiyeona anaweza kuusoma kwa vidole, akahesabu pamoja na wenzake, na pengine akawashinda.

Nayo michoro ya miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, inafundisha mambo mengi hata kwa wasioweza kufika. Iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ipo ya rangi nyekundu, yenye watu wembamba warefu na wanyama kama twiga na pofu, na ipo nyeupe. Mahali pengine nyeupe imechorwa juu ya nyekundu. Waonyeshe watoto picha kwenye simu na kuwauliza ipi ilitangulia, na wamejuaje. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujibu: ya juu ndiyo ya baadaye, kama plasta juu ya tofali. Ndivyo watafiti nao wanavyofikiri, na wanaihusisha nyekundu na wawindaji wa kale na nyeupe na wakulima waliokuja baadaye. Mtafiti Mary Leakey alifanya kazi Kondoa mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo kwa mkono, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Alichora ili apate kuelewa, jambo linalofaa kukumbukwa na yeyote anayesema kuchora ni mchezo.

Wekundu wa Kondoa unatokana na madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni, aina ileile ya madini inayoupa rangi udongo mwekundu wa vijiji vingi. Watoto wanaweza kutengeneza rangi zao: udongo mwekundu uliochekechwa, mkaa uliosagwa, udongo mweupe wa kupakia nyumba, kila kimoja kikichanganywa na uji mzito wa unga ili ushike kwenye karatasi. Kuna vitu viwili visitumike kabisa. Chokaa ya kiwandani inaunguza macho na ngozi. Unga mweusi wa ndani ya betri zilizokwisha, ambao watu walikuwa wakipakia mbao za shule, una kemikali zinazodhuru. Na wanaoishi karibu na miamba yenye michoro wakumbuke kwamba kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha kunaiharibu.

Uchoraji wa Tingatinga nao una nafasi yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, na alifariki mwaka 1972. Wanyama wake ni wa kubuni: chui mwenye macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama pambo. Weka picha ya namna hiyo kando ya picha ya chui halisi, watoto waorodheshe kilicho kweli na kilichoongezwa. Ni njia nzuri ya kuwafundisha kwamba mchoro wa hadithi na mchoro wa Sayansi vina sheria tofauti. Kwenye Sayansi jani la mhindi lichorwe na mishipa inayokwenda sambamba, na la mharage na mishipa ya mtandao, hata kama mtoto anaona mtandao unapendeza zaidi.

Pale inaposhindwa

Makosa tunayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni kuchora kama kiburudisho cha mwisho: mwalimu amemaliza somo la pamba, zimebaki dakika kumi, "haya, choreni mti wa pamba." Mti huo wananakili ubaoni, nao haujibu swali lolote. Mchoro unaofundisha ni ule ambao bila kuuchora mtoto asingegundua jambo. La pili ni kusahihisha urembo. Mtoto mwenye mkono mzuri anapewa tisa kwa kumi na mwingine aliyehesabu kila doa kwa usahihi anapewa nne kwa sababu mistari imepinda. Sahihisha alichokiona na alichokieleza. Swali linalotosha ni hili: "Umejuaje?"

Walimu hutuuliza kuhusu wingi wa watoto. Darasa la wanafunzi themanini haliwezi kuzunguka kanga moja. Yanahitajika makundi ya wanane na kanga kumi, nazo zinapatikana ikiwa wazazi wameelezwa mapema na kila kanga imeandikwa jina la mwenyewe kwenye karatasi. Karatasi zikikosekana, mchanga wa uwanjani na kijiti vinatosha kwa kazi ya ulinganifu, na sakafu na chaki kwa ramani. Muda ni suala gumu zaidi. Usijaribu masomo yote matano kwa siku moja. Kanga ikae darasani wiki nzima, na kila kipindi kichukue swali lake kulingana na mada zilizomo kwenye azimio la kazi. Pakiwa hapana mada ya kanga kukutana nayo, iache, kwani kuunganisha kwa nguvu kunawachanganya watoto. Kwenye maandalio ya somo andika umahiri wa somo husika kama kawaida, na kanga iandikwe kwenye zana. Mthibiti ubora akija ataona Hisabati ni Hisabati.

Shule ya msingi ina nafuu, kwa kuwa mara nyingi mwalimu mmoja hufundisha masomo kadhaa na anaweza kukumbuka alichosema jana. Sekondari inabidi mwalimu wa Historia na wa Hisabati wakae pamoja angalau nusu saa kabla ya wiki kuanza. Bila hiyo nusu saa, kila mmoja atapima pindo upya.

Kwa mzazi, kazi ni ndogo. Mtoto akileta mchoro usimwambie tu "vizuri". Mwambie akueleze, kisha mwulize kitu kimoja ambacho hukukiona kwenye mchoro. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha michoro yake kila mwezi ukiwa karibu na mlango au dirisha mchana, bila kuwasha mwanga wa simu, maana penseli hung'aa na kupotea. Baada ya muhula utaona mwenyewe kama macho ya mtoto yanaongezeka. Na kanga ikirudi kutoka shuleni ifuliwe peke yake mara ya kwanza, kwa sababu huenda imekaa karibu na lile beseni la jaribio.